Star Citizen: kwa nini gemu lililoahidiwa 2014 bado linajengwa

Oktoba 2012, kwenye mkutano wa watengenezaji wa magemu mjini Austin, Texas, Chris Roberts alionyesha video ya meli ya anga ikichomoka kutoka tumboni mwa manowari, kisha akatangaza kwamba gemu lake halitapitia kwa mchapishaji yeyote mkubwa. Wachezaji wenyewe ndio watakaoligharamia. Kwenye Kickstarter, tovuti ya kuchangisha pesa, aliomba dola 500,000. Kampeni ilipofungwa mwezi uliofuata alikuwa amepata zaidi ya milioni 2.1 kwa njia hiyo, na ukijumlisha zilizoingia kwenye tovuti yake mwenyewe, zaidi ya milioni 6.2. Aliahidi kukabidhi kazi Novemba 2014.

Gemu hilo ni Star Citizen. Michango imeshapita dola milioni 800. Kampuni iliyoundwa kulitengeneza, Cloud Imperium Games, ina wafanyakazi zaidi ya 1,000 Manchester, Frankfurt, Austin, Los Angeles na Montreal. Na gemu bado linaitwa alfa, yaani toleo la majaribio ambalo hata wenyewe hawadai kwamba limekamilika. Ukitaka unaweza kulicheza leo usiku: kusafirisha shehena, kukimbizana na maharamia, kutua kwenye mwezi usio na mtu na kutembea juu ya mchanga wake. Unaweza pia kuingia kwenye lifti, mlango ukafungwa, ukajikuta unaelea nje ya jengo.

Mabishano juu yake yameganda pande mbili. Wa kwanza wanasema huu ni utapeli mkubwa kuliko wote katika historia ya magemu. Wa pili wanajibu kwamba wanaolalamika hawajui ukubwa wa kazi. Nimewasoma wote kwa miaka, na naona kila upande umeshika nusu ya jambo. Kazi yenyewe ni ngumu kwelikweli, ngumu kuliko Roberts alivyojua siku anaahidi. Na namna pesa zinavyoingia imeondoa karibu kila sababu ya kuharakisha. Mambo haya mawili yanalishana, na ukilieleza moja ukaliacha la pili hesabu haikubali.

Sentimita sita

Tuanze na jambo linaloonekana dogo, yaani kitu kiko wapi.

Kila kitu ndani ya gemu kina namba tatu zinazoeleza kiko umbali gani kutoka katikati ya ramani. Roberts alichukua injini ya CryEngine, yaani programu ambayo gemu hujengwa juu yake, kuwa msingi wake. Injini hiyo ilitengenezwa Ujerumani kwa magemu ya kupigana kwa bunduki visiwani na msituni, kwenye ramani za kilomita chache, na ilihifadhi namba hizo katika biti 32. Namba ya desimali ya biti 32 ina nafasi ya tarakimu saba hivi. Zikishajaa, kompyuta inakadiria tu. Kwenye kisiwa cha kilomita nane hakuna atakayegundua, kwa kuwa kosa halifiki hata milimita moja.

Sasa sogea kilomita 1,000 kutoka katikati. Hatua ndogo kabisa ambayo namba hiyo inaweza kuieleza imekuwa zaidi kidogo ya sentimita 6. Mkono wa rubani ulioshika usukani unaanza kutetemeka, kwa sababu kila kidole kinaruka kutoka alama moja hadi nyingine na katikati hapakaliki. Sogea kilomita milioni moja, ambazo ni kidogo sana kwa umbali wa sayari na sayari, na hatua hiyo inakuwa mita 64. Hapo hakuna tena mkono wala rubani wa kuzungumzia. Ndege nzima ya kivita inatoshea ndani ya pengo moja la hesabu.

Dawa ni kuhamia biti 64, ambako kwenye umbali huohuo wa kilomita milioni moja kosa halifiki sehemu moja ya elfu ya milimita. Kulisema ni rahisi. Lakini namba za mahali zimeingia kila kona ya injini: fizikia, sauti, risasi, njia wanazopita wahusika. Halafu kadi za michoro tunazonunua madukani zinapenda biti 32, kwa hiyo kabla ya kuchora picha yoyote lazima kila kitu kihesabiwe upya kutokea pale macho ya mchezaji yalipo. Wahandisi wa ofisi ya Frankfurt, wengi wao wakiwa wametoka Crytek, kampuni iliyoizaa injini hiyo, ndio walioibeba kazi hii. Wachezaji waliona matunda yake Desemba 2015 katika Alfa 2.0. Kwa mara ya kwanza ungeweza kutoka kwa miguu kwenye kituo cha anga, kupanda meli, kusafiri mbali sana, kusimama na kushuka, bila skrini kukwambia subiri inapakia.

Tazama tarehe. Desemba 2015 ni mwaka mzima baada ya siku ya kukabidhi, na ndiyo kwanza wamepata mahali pa kuliweka gemu.

Sayari zenyewe zilikuja baadaye kidogo. Miezi mitatu ya kwanza ya kutua (ile inayozunguka sayari), Yela, Cellin na Daymar, ilifika mwishoni mwa 2017 na Alfa 3.0, kisha Hurston, sayari nzima yenye mji wa viwanda, mwaka 2018. Hapo likaibuka tatizo la pili. Kompyuta ya mchezaji ilikuwa inabeba kila kitu kilichomo kwenye mfumo wote wa jua hata kama yeye amekaa chumbani kwake. Ikabidi wajenge utaratibu wa kupakia kilicho karibu tu na kuachia kilicho mbali, kwanza kwa kompyuta za wachezaji mwaka 2018, halafu kwa seva zenyewe, yaani kompyuta zinazoendesha ulimwengu wa gemu, mwishoni mwa 2019.

Walinzi juu ya viti

Mtu yeyote aliyewahi kucheza Star Citizen anawajua: walinzi, wahudumu wa baa na abiria wa treni waliosimama juu ya viti, mikono imeanguka, wanatazama ukuta. Watu wamepiga picha nyingi wakicheka. Sababu yake, hata hivyo, inaeleza kwa nini miaka imekwenda hivi.

Kwa muda mrefu mfumo wa Stanton, wenye sayari nne na miezi yake, miji, vituo na mapango, uliendeshwa wote na seva moja. Wachezaji 50, baadaye 100, waliingia kwenye nakala moja. Wengine walipelekwa kwenye nakala nyingine ambako wasingeweza kuonana na wa kwanza hata wakisimama mlango mmoja. Seva ilitakiwa kupitia mambo yote mara 30 kila sekunde: nani kasogea, risasi imefika wapi, mlinzi aamue nini. Ikilemewa, hata mara kumi hazifiki. Mlinzi aliyeagizwa ainuke kitini anabaki pale juu kwa sababu seva haijapata nafasi ya kumwambia hatua inayofuata. Lifti nayo inafuata agizo la seva hiyohiyo, na ndiyo maana inakuacha hewani.

Kuongeza seva yenye nguvu zaidi hakusaidii sana. Wachezaji wakiongezeka, kila mmoja anatakiwa kujua habari za wenzake walio karibu, kwa hiyo kazi hupanda haraka kuliko idadi ya watu. Ilibidi mzigo mmoja ugawanywe kwa seva nyingi huku mchezaji akiona ulimwengu mmoja. Wao wanaita jambo hilo kuunganisha seva, na limezungumzwa kwa miaka mingi kiasi kwamba lilikuwa limekuwa utani.

Kabla ya kufika huko ilibidi kwanza kumbukumbu itolewe ndani ya seva. Chukua chupa ya maji. Umeinywa nusu, ukaiweka juu ya jiwe kule Daymar, ukaondoka. Zamani chupa ile iliishi ndani ya seva tu. Seva ikizima, chupa imekwisha. Kwa mpango mpya, ulioletwa na Alfa 3.18 Machi 2023, chupa inaandikwa kwenye hazina ya data iliyo nje ya seva: ni ya nani, iko wapi, imebaki maji kiasi gani. Mwenzako akipita pale kesho ataikuta. Ukizidisha chupa hiyo kwa kila bunduki iliyoangushwa, kila kasha la shehena, kila mabaki ya meli iliyolipuka na kila maiti, kwa wachezaji wote, utaona ni maandishi mangapi yanatakiwa kuingia na kutoka kila sekunde.

Siku 3.18 ilipotoka, hazina hiyo ilizidiwa. Kwa siku kadhaa wachezaji wengi hawakuweza hata kuingia. Sisi huku tunaujua ujenzi wa namna hii: mtu anahamia kwenye vyumba viwili vilivyoezekwa huku fundi akiendelea na sebule. Mambo huenda vizuri mpaka fundi aseme msingi hautoshi na lazima afukue chini ya kitanda mnacholalia. Star Citizen imefukuliwa msingi mara kadhaa watu wakiwa ndani. Gemu la kawaida linafukuliwa hivyohivyo, tena pengine mara nyingi zaidi, ila linafukuliwa ofisini, milango imefungwa, na mnunuzi anakuja kuliona likiwa limepakwa rangi.

Kumbukumbu ikishakaa nje ya seva, mengine yanawezekana. Seva ikifa, nyingine inaamka, inasoma kila kitu kilikuwa wapi na kuendelea, wakati zamani wachezaji wote walitupwa nje na ujumbe wa hitilafu namba 30000. Na seva mbili zinaweza kusoma kumbukumbu moja.

Ugumu uliobaki uko mpakani. Mimi niko eneo la seva A, wewe eneo la seva B, hatua kumi kati yetu. Nikifyatua risasi, inazaliwa A, inavuka, inakuangukia B. Nani anaamua kwamba imekupata? Kanuni yao ni kwamba kila kitu kina seva moja yenye mamlaka juu yake kwa wakati mmoja, na kikivuka mpaka mamlaka yanakabidhiwa. Seva nyingine zinapata nakala ya kutazama tu. Katikati yao wameweka safu inayopokea habari kutoka kwa seva zote na kuzisambaza kwa seva na wachezaji wanaozihitaji. Mwishoni mwa Desemba 2024 Alfa 4.0 ilifunguliwa kwa umma ikiwa na mpangilio huo, na mfumo wa pili wa nyota, Pyro, usio na sheria wala polisi, unaofikiwa kwa kupita kwenye tundu la anga. Wachezaji takriban 500 waliweza kuwa pamoja kwenye nakala moja.

Bado mgawanyo huo ni wa kudumu: seva hii ina sayari ile, seva ile ina sayari hii. Watu wote wakijazana kwenye sayari moja, seva yake inalemewa kama zamani huku jirani zake zikikaa bure. Hatua inayofuata ni mipaka inayojisogeza yenyewe kwa kufuata msongamano.

Waliochagua cha kutoa

Huenda ukauliza kama kuna aliyefanikiwa. Wapo, na mwenendo wao unafundisha kuliko malalamiko yote.

EVE Online ya kampuni ya CCP, Iceland, ilifunguliwa Mei 2003. Isipokuwa nchini China, wachezaji wote wapo kwenye ulimwengu mmoja, jambo ambalo Star Citizen bado inalitafuta. Januari 2014, kwenye mfumo unaoitwa B-R5RB, malipo ya kumiliki eneo yalipitwa na wakati bila kulipwa, wapinzani wakavamia, na vita vikaendelea kwa takriban saa 21 vikiwahusisha wachezaji zaidi ya 7,500. Meli zilizoteketea zilikadiriwa kuwa na thamani ya dola zaidi ya 300,000. Seva ilihimili vipi? Kwa kupunguza mwendo wa saa. Tangu 2012 EVE ina utaratibu ambao seva ikizidiwa, muda ndani ya eneo hilo unapungua kasi, hadi asilimia 10 ya kawaida. Bunduki inayohitaji sekunde tano kujaza inachukua sekunde hamsini. Inachosha, lakini haki inatendeka. Tena kwenye EVE hutembei ndani ya meli wala hushiki usukani. Unatoa amri, meli inatii, kwa hiyo kupunguza mwendo hakumvurugi mtu. CCP ilitoa muda sadaka.

Elite Dangerous ilitoa kitu kingine. David Braben na kampuni yake ya Frontier, Cambridge, walianza kuchangisha Kickstarter Novemba 2012, wiki chache tu baada ya Roberts kutangaza lake, wakapata pauni zaidi ya milioni 1.5, na Desemba 2014 gemu likatoka. Lina galaksi yetu yote kwa kipimo halisi, mifumo ya nyota bilioni 400, karibu yote ikizalishwa na kanuni za kompyuta badala ya mikono ya wachoraji. Kompyuta za wachezaji waliokutana zinaunganishwa zenyewe kwa zenyewe, wachache kwa wakati mmoja, na wengine huwaoni kabisa. Hapo kilichotolewa ni kuwa pamoja. Ili kufikia tarehe waliacha hata ahadi ya kucheza bila intaneti, mwezi mmoja kabla ya kutoka, na waliokuwa wamechangia kwa ajili hiyo walikasirika hadi kudai pesa zao. Kutembea kwa miguu nje ya meli kulikuja 2021, kukiwa na kasoro tele. Lakini kwa miaka yote hiyo watu walikuwa na gemu lililokamilika mikononi.

Roberts amekataa kutoa chochote sadaka. Anataka ulimwengu mmoja kama wa EVE, usukani mkononi kama wa Elite, risasi zinazohesabiwa papo hapo kama kwenye gemu la bunduki, na chupa ya maji inayobaki pale ulipoiacha. Kila kimoja peke yake kimewahi kufanyika. Ugumu uko kwenye kuvitaka vyote kwa wakati mmoja, kwa sababu kinachorahisisha kimoja ndicho kinachokwamisha kingine.

Pesa za matumaini

Kama maelezo yangeishia kwenye seva, watetezi wangekuwa wameshinda. Lakini kuna Squadron 42.

Hili ni gemu pacha, la mchezaji mmoja, lenye hadithi ya vita na waigizaji wa sinema: Mark Hamill, Gary Oldman, Gillian Anderson. Halihitaji kuunganisha seva. Halina umati wa wachezaji. Matatizo mengi niliyoyaeleza hapo juu hayalihusu. Nalo liliahidiwa 2014, likasogezwa 2016, ikasemwa majaribio yake yatakuwa 2020, likanyamaza. Oktoba 2023 walisema sehemu zake zote zimekamilika na kilichobaki ni kung'arisha. Oktoba 2024, kwenye mkutano wao Manchester, wakataja 2026. Mtu hawezi kuilaumu seva kwa hilo.

Kawaida gemu hugharimiwa na mchapishaji. Anatoa pesa, anasubiri, na hapati senti mpaka gemu liingie sokoni. Kila mwezi wa kuchelewa unamuuma, kwa hiyo siku inafika anakuja na mkasi. Roberts anaujua mkasi huo. Baada ya kujijengea jina na gemu la anga la Wing Commander mwaka 1990, alianzisha kampuni ya Digital Anvil na kuanza kutengeneza Freelancer, ulimwengu wa anga wenye uchumi unaojiendesha na maelfu ya wachezaji ndani yake. Uliwahi kuusikia wapi mpango huo? Kazi ikarefuka, fedha zikapungua, Microsoft ikainunua kampuni mwaka 2000, Roberts akaacha uongozi, na Freelancer ikatoka 2003 ikiwa imepunguzwa sana. Ilikuwa gemu zuri. Haikuwa ile aliyoiota. Star Citizen, kwa maoni yangu, ni jaribio la pili la ndoto ileile, safari hii mwenye mkasi akiwa amezuiwa mlangoni.

Badala ya mchapishaji wapo wachezaji, nao hununua meli. Kifurushi cha kuanzia ni kama dola 45. Baada ya hapo kuna meli za mamia ya dola, na zipo zilizouzwa kwa maelfu. Mwaka 2018 kampuni iliuza kifurushi chenye karibu kila meli kwa dola 27,000. Nyingine huuzwa zikiwa mchoro tu, bado hazijatengenezwa. Banu Merchantman, meli kubwa ya wafanyabiashara, ilianza kuuzwa 2013, na mwaka 2024 uliisha ikiwa bado haijaruka. Mwaka 2021 taasisi inayosimamia matangazo Uingereza iliwapa ushauri rasmi kuhusu matangazo ya meli za aina hiyo, baada ya malalamiko kwamba hayakumweleza mnunuzi wazi kuwa anachokinunua hakipo bado.

Angalia sasa hesabu inavyogeuka. Mchapishaji hulipwa kazi ikiisha. Hapa malipo huingia wakati kazi inaendelea. Kila mwaka kuanzia 2022 hadi 2024 michango ilizidi dola milioni 100, gemu likiwa alfa. Mauzo makubwa hufanyika Mei na Novemba, kwenye maonyesho ya ndani ya gemu ambako meli mpya hupangwa ukumbini na wachezaji hutembea kati yake kama kwenye maonyesho ya magari. Mtu anayenunua meli ya hospitali ya dola mamia hanunui picha tu. Anajinunulia kazi atakayoifanya siku gemu litakapokamilika, na kadiri siku hiyo inavyobaki mbele, ndivyo kazi hiyo inavyoweza kuwa nzuri kama anavyoitaka.

Hapa ndipo mambo mawili niliyoyataja mwanzo yanapokutana. Kila meli inauzwa na shughuli yake: kuchimba madini, kuokoa majeruhi, kubeba abiria, kukusanya vyuma chakavu. Ikishauzwa, kampuni inadaiwa kuitengeneza shughuli hiyo. Mapato ya mwaka huu, kwa maana hiyo, ni kazi ya miaka ijayo. Kazi ikiongezeka, waajiriwa wanaongezeka, mishahara inapanda, meli nyingine zinahitajika kuuzwa. Sioni haja ya kumtafuta tapeli ndani ya mzunguko huu. Kampuni imekuwa ikichapisha muhtasari wa hesabu zake tangu 2018, na sehemu kubwa ya pesa inakwenda kwenye mishahara, kama ungetegemea kwa ofisi tano na watu elfu moja. Mwaka huohuo wa 2018 iliuza takriban asilimia 10 ya hisa zake kwa familia ya Clive Calder, mfanyabiashara wa muziki, kwa dola milioni 46. Tapeli angekuwa ameondoka zamani. Tatizo ni kwamba hakuna mtu ndani ya mzunguko mwenye faida ya kusema "imetosha", na mwenye uwezo wa kusema hivyo ni Roberts mwenyewe, ambaye alishaambiwa "imetosha" na wengine akachukia.

Dalili za kubadilika zipo. Mwaka 2012 waliahidi mifumo 100 ya nyota. Oktoba 2024 walipoeleza toleo la 1.0 litakuwaje, waliitaja mitano: Stanton, Pyro, Nyx, Castra na Terra. Mashabiki wengine waliona wamepunjwa. Mimi niliona mkasi, hatimaye, mkononi mwa mwenyewe. Mwaka 2025 nao ulitangazwa kuwa wa kurekebisha kasoro na kutoa matoleo madogo ya mara kwa mara badala ya teknolojia mpya, jambo ambalo wachezaji walikuwa wakiliomba tangu enzi za lifti.

Ukiwa Mombasa au Dar na unataka kulijaribu, jua kwanza kwamba seva za karibu yako ni za Ulaya. Mwanga ndani ya nyaya za intaneti hukimbia kilomita 200,000 kwa sekunde, na Frankfurt kutoka Dar ni karibu kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kushuka chini ya milisekunde 70 hata mambo yote yakienda vizuri. Nyaya za chini ya bahari hazijanyooka, kwa hiyo kwa kawaida ni zaidi ya 100. Kubeba mizigo na kuchimba madini utafanya bila shida. Kupigana na mtu aliyekaa Ujerumani utapigwa kabla hujaona. Faili zake zinazidi gigabaiti 100 na matoleo mapya ni makubwa, hivyo bando la simu halifai, tafuta faiba. Kompyuta iwe na diski ya SSD na RAM ya gigabaiti 16 kwa uchache, ingawa kwa 16 utaona linavyogandaganda mijini.

Usilipe kwanza. Wakati wa maonyesho ya Mei na Novemba huwa wanafungua milango kwa siku kadhaa, ukaazima meli na kurusha bure. Ukilipenda, kifurushi cha bei ya chini kinatosha, kwa kuwa meli nyingi zinazoruka tayari unaweza kuzinunua kwa pesa unazochuma ndani ya gemu. Pesa hizo hufutwa mara mojamoja toleo kubwa linapoingia, mkaanza wote upya. Na meli iliyo mchoro tu, mwachie mwenye pesa za kuchezea.